Pesa ya muze na maktaba: Bunge inapiga kura, kimya kinaikata

Mgeni akifika Lubumbashi na kuuliza njia ya kwenda muze, mara nyingi watu wanamwelekeza kwanza ku jengo la 30 Juin, ile nyumba kubwa ya teatri ya zamani ambamo Bunge ya jimbo la Haut-Katanga inafanyia vikao vyake. Kutoka pale mpaka Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ni mwendo mfupi wa miguu. Ni majirani. Upande mmoja watu wanajadili bajeti. Upande mwingine kuna vyungu, masanamu na misalaba ya shaba vinavyongoja kujua kama ndani ya ile bajeti kuna kitu chao.

Tulipoanza kuzungumza juu ya jambo hili hewani, swali moja halikukawia kufika kwa simu: "Batu banakimbia vita, balimu habalipwe muzuri, na weye unatuletea mambo ya masanamu ya kale?" Swali ni la haki, na tutalirudilia hapa chini bila kulikwepa. Lakini kuna swali lingine linalotangulia. Muze na maktaba ya taifa haviko kama zawadi ambayo kiongozi anatoa akipenda. Viliundwa na sheria. Sasa, serkali ikiacha nyumba ya namna hiyo bila makuta, mwaka kiisha mwaka, inavunja sheria ao haivunji? Na kama inavunja, raia anaweza kumwendea nani?

Muze ni mtoto wa sheria

Muze ya Lubumbashi ilianzishwa wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, na Francis Cabu, mtu wa mambo ya kuchimbua vitu vya kale. Ilikuwa na jina la mfalme Léopold II. Kiisha uhuru, tarehe 11 Machi 1970, serkali ya Mobutu ilitia sahihi ku ordonnance-loi nambari 70-089, ambayo iliunda Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, ile leo tunaiita IMNC. Muze yetu iliingia ndani ya ile taasisi. Tangu siku ile, deni la kuitunza liko kwanza ku Kinshasa, hata kama nyumba iko Lubumbashi.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Machi 1971, ilifuata ordonnance-loi nambari 71-016 juu ya kulinda vitu vya utamaduni. Tarehe 2 Januari 1974 ilikuja sheria 74-003, inayosema kila mwenye kuchapisha kitabu ao gazeti lazima aweke nakala kwa maktaba ya taifa. Mwaka huohuo wa 1974 inchi yetu iliingia katika mapatano mawili makubwa ya UNESCO: lile la 1970 juu ya kuzuia biashara haramu ya vitu vya utamaduni, na lile la 1972 juu ya urithi wa dunia. Na tarehe 11 Julai 1978, sheria 78-013 ikapanga mambo ya archives.

Juu ya zote kuko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 46 kinahakikisha haki ya utamaduni, na kinasema wazi kwamba Serkali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa na kuuendeleza. Hakisemi "inaweza kulinda". Kinasema "inalinda". Kwa wanasheria, tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo.

Kuna kifungu kingine ambacho watu wanakisahau: 203. Kinataja mambo ambayo serkali kuu na majimbo yanagawana pamoja, na kati yao kuna maisha ya utamaduni na michezo. Njo maana jimbo halina ruhusa ya kusema "hayo ni ya Kinshasa", na Kinshasa haina ruhusa ya kusema "hayo ni ya jimbo". Lakini sisi wote tunajua inapita namna gani: chungu chenye wapishi wawili, kila mmoja anafikiri mwenzake alishatia chumvi.

Kukata kuko kwa namna tatu

Mtu akisikia "serkali imekata pesa", anafikiri kuna barua, kuna sahihi, kuna tarehe. Si vile kila mara. Kuko namna tatu za kukata, na ku sheria hazifanani.

Ya kwanza ni kukata ndani ya sheria ya fedha yenyewe. Serkali inaleta bajeti Bungeni ikiwa na namba ndogo kuliko mwaka uliopita, wabunge wanapiga kura, imekwisha. Mtu anaweza kukasirika, lakini njia ilifuatwa.

Ya pili ni kukata kwa amri. Bunge ilishapiga kura, pesa iko ndani ya sheria, halafu mukubwa mmoja anaandika amri kusema isitumike, ao nyumba yenyewe ifungwe.

Ya tatu njo ile tunaijua sana kwetu: kukata kwa kimya. Bajeti ina mstari wake mzuri, namba iko, wabunge walinyoosha mikono. Lakini ku hazina pesa haitoki. Mishahara inaweza kupita, lakini pesa ya fonctionnement, ile ya kulipa umeme, kufunga paa linalovuja, kununua dawa ya kuua wadudu wanaokula mbao za masanamu, haifiki. Wakubwa wa makumbusho ya inchi hii wamelalamika hadharani juu ya pesa hiyo kwa miaka mingi. Hakuna mtu aliyeandika barua ya kuikata, na hakuna tarehe unayoweza kuonyesha kwa kidole. Ni kimya tu.

Marekani na Uingereza: majaji walisema nini

Namna ya pili ilionekana Marekani mwaka 2025. Tarehe 14 Machi, rais Donald Trump alitia sahihi ku amri ya kupunguza kabisa taasisi ndogo ya serkali inayotoa msaada wa pesa kwa makumbusho na maktaba za inchi nzima. Taasisi ile iliundwa na Bunge mwaka 1996. Mwisho wa mwezi, wafanyakazi karibu wote waliambiwa wabaki nyumbani. Kiisha, misaada ambayo maktaba zilishapangiwa ikaanza kufutwa.

Tarehe 4 Aprili, majimbo 21 yalishitaki ku mahakama ya Rhode Island. Hayakuomba jaji aseme kwamba vitabu ni vizuri. Yalisema: Bunge iliunda taasisi hii, Bunge ilipiga kura pesa yake, rais hana ruhusa ya kuiua peke yake. Mwezi wa Mei jaji alisimamisha amri kwa muda, na mwezi wa Novemba 2025 akakata kesi: kuvunja taasisi ile hakukufuata sheria wala Katiba. Siku chache kiisha, taasisi ikatangaza kurudisha misaada.

Mfano wa Uingereza unafundisha jambo lingine. Kule kuna sheria ya mwaka 1964 inayolazimisha halmashauri za mitaa kuwa na maktaba ya watu wote. Halmashauri za Gloucestershire na Somerset zilipotaka kupunguza maktaba zao, wakaaji walishitaki, na mwezi wa Novemba 2011 mahakama kuu iliwapa haki. Lakini angalia juu ya nini. Jaji hakusema halmashauri haiwezi kamwe kukata pesa. Alisema viongozi walikata bila kupima vizuri namna wale wenye nguvu kidogo, sawa watu wenye ulemavu, watakavyoumia. Yaani kukata kunaweza kuruhusiwa, lakini kukata macho yakiwa yamefungwa hakuruhusiwi.

Hata Kenya, hapa karibu, inatupa somo. Katiba yao ya 2010 iliandika wazi kwamba maktaba na makumbusho ni kati ya kazi za kaunti, na minara ya kale yenye maana kwa taifa lote ikabaki kwa serkali kuu. Kuandika vile hakukumaliza ugomvi wa nani analipa. Lakini angalau mkaaji wa kule anajua mlango wa kwanza wa kugonga ni upi.

Kwa sheria yetu, kesi ingesimama?

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama hautufurahishi. Kuchukua kesi ya Marekani na kuileta Lubumbashi kama ilivyo, haitatembea.

Marekani wana sheria ya mwaka 1974, iliyotungwa wakati wa Nixon, inayokataza rais kuzuia pesa iliyopigiwa kura na Bunge. Mfumo wetu ulitoka upande wa Ubelgiji na Ufaransa. Katika mfumo huo, pesa iliyo ndani ya bajeti ni ruhusa ya kutumia mpaka kiasi fulani. Si amri ya kuitumia yote. Serkali inaweza kusema: makuta haikuingia sawa tulivyofikiri, hatuwezi kutoa kitu ambacho hatuna. Jaji hawezi kuchapisha franka. Mwanasheria akienda mahakamani na karatasi ya bajeti peke yake mkononi, atarudi na karatasi yake.

Lakini kuna njia nyingine, na njo ile yenye nguvu zaidi. Usiseme "mlituahidi pesa". Sema "mko na deni la kulinda, na hamulindi". Kifungu cha 46 hakitegemei bajeti ya mwaka huu ao ya mwaka ule. Sheria ya 1971 haikuandika "kama pesa iko". Serkali inaweza kuchagua kulinda kwa pesa kidogo. Inaweza kuchagua kutafuta rafiki wa kuisaidia, sawa ilivyofanya kwa muze mpya ya Kinshasa, iliyojengwa na msaada wa Korea ya Kusini wa dola milioni 21 na kufunguliwa mwezi wa Novemba 2019. Kitu ambacho haiwezi kuchagua ni kutolinda kabisa.

Na ile shida ya kimya? Kimya hakina sahihi, hakina nambari, utakishitaki namna gani? Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 juu ya mahakama za utawala inafungua mlango mdogo. Mtu mwenye kudai anaandika kwanza barua kwa mukubwa anayehusika. Mukubwa akinyamaza mpaka muda uliowekwa upite, kimya chake kinahesabiwa kama kukataa. Kuanzia hapo kuna kitu cha kuweka mbele ya jaji. Barua yako njo inageuza kimya kuwa uamuzi. Bila ile barua, kimya kitabaki kimya tu.

Nini hasa kinaweza kupotea

Turudi sasa kwa yule msikilizaji wetu na masanamu yake ya kale.

Mwaka 1957 na 1958, watafiti walichimbua makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale. Walikuta vyungu, mapambo ya shaba, vyuma, na kazi ya mikono ya watu walioishi pale kwa mamia ya miaka, wengine zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walikuta pia ile misalaba midogo ya shaba iliyokuwa pesa ya mababu, ileile tunayoiona katika bendera ya zamani ya Katanga. Kila mara tunaambiwa kwamba shaba ya Katanga "iligunduliwa" na kampuni. Vitu vya Sanga vinajibu bila kufungua kinywa: watu wa hapa waliyeyusha shaba, waliifanyia biashara na kuhesabu nayo, karne nyingi kabla ya Union Minière.

Leo Sanga iko katika jimbo la Haut-Lomami, kwa sababu mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Muze ya Lubumbashi haikugawanywa. Inachunga urithi wa watu wa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na hakuna hata jimbo moja linaloihesabu kama yake peke yake.

Mfano mwingine uko ndani ya lugha hii tunayotumia. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi ya boyi kwa Wazungu. Ni historia ya mji ikisimuliwa na wale waliopika na kufua. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Ulaya, Johannes Fabian, aliichapisha kule Amsterdam. Michoro zaidi ya 100 ya Tshibumba Kanda Matulu, ile inayosimulia historia ya Kongo kwa rangi, iko pia Amsterdam, ndani ya muze. Hatusemi waliiba, michoro ile ilinunuliwa kwa mchoraji mwenyewe. Lakini jiulize: mtoto wa Katuba akitaka kuona namna babu yake alivyosimulia mji wake, aende komini gani?

Mimi niliyeandika haya nilimaliza sekondari katika shule ambayo maktaba yake ilikuwa kabati moja yenye kufuli, na ufunguo sikuwahi kuuona. Sisemi hivi kulaumu mtu. Nasema kwa sababu wengi kati ya wanaosoma ukurasa huu wataitambua ile kabati.

Na kuna hatari ya pesa kabisa. Kati ya mwaka 1976 na 1982, muze ya Tervuren, Ubelgiji, ilirudisha vitu 114 kwa taasisi yetu ya makumbusho. Ulikuwa ushindi. Lakini kiisha, wakati wa vurugu za miaka ya 90, muze iliporwa, na baadhi ya vile vitu vilionekana tena sokoni kwa wauzaji wa Ulaya. Tangu siku zile, kila tunapodai vitu vyetu, kuna mtu anatujibu: mutaviweka wapi? Tarehe 17 Februari 2022, waziri mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alimpa mwenzake Sama Lukonde orodha ya vitu zaidi ya 84.000 vilivyoko Tervuren. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikawa na sheria inayoruhusu kurudisha. Basi mlango upande wao umeanza kufunguka, na jibu la swali "mutaviweka wapi" liko ndani ya ule mstari wa bajeti ambao pesa yake haitoki. Kila mwaka wa kimya unampa nguvu yule asiyetaka kurudisha.

"Lakini kuna vita"

Ni kweli, kuna vita. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Serkali ililazimika kurudi Bungeni na sheria ya fedha ya kurekebisha, na usalama ukapewa nafasi ya kwanza. Wasikilizaji wetu wenye ndugu Kivu wanajua maana yake, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema bunduki ya kulinda raia ingoje juu ya kabati ya vitabu.

Lakini hoja ya vita ina mipaka yake mitatu. Kwanza, kimya juu ya muze hakikuanza na M23. Kilikuwako wakati hapakuwa vita Goma, na wakati bei ya kobalti ilikuwa juu. Pili, vita si sababu ya kuacha kulinda. Vita ni wakati wa kulinda zaidi, kwa kuwa njo wakati ule vitu vinaibiwa na kuvushwa mipaka. Tatu, hata kukata juu ya vita lazima kuandikwe. Serkali ikija mbele ya wabunge na kusema "mwaka huu tunapunguza kwa muze kiasi hiki, na tutalinda vitu kwa namna hii", hiyo ni siasa ya wazi. Tutabishana, lakini tutaheshimiana. Kuacha namba ndani ya karatasi na kutotoa kitu, huko ni kumdanganya mbunge aliyepiga kura na raia aliyemtuma. Wazee walisema ahadi ni deni, na deni lisilolipwa lina adabu yake: mwenye deni anakuja kusema.

Pesa nyingine iko karibu

Tusiangalie Kinshasa peke yake. Katiba, kifungu cha 175, inaweka kwa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Ugomvi wa ile asilimia 40 unajulikana, hatutaurudilia hapa. Lakini kwa sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti, kuna mfuko mwingine.

Code minier iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inagawanya redevance ya madini hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao chefferie ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inayochimba lazima itoe si chini ya asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wakaaji walio karibu, na kuna cahier des charges ambamo wakaaji wanasema wanataka nini.

Mara nyingi wanataka maji, dispensari, shule, barabara. Ni sawa. Lakini shule bila chumba cha kusomea ni nusu shule, na hakuna sheria inayokataza kuandika "maktaba" ndani ya ile karatasi. Chumba kimoja, meza, taa ya jua, vitabu vya programu ya taifa, mtu mmoja mwenye kulipwa: si mzigo kwa komini inayopokea sehemu ya redevance. Nani amewahi kuuliza jambo hilo Kipushi, Ruashi, Kambove ao Likasi?

Code ile ina jambo lingine linalogusa muze. Kampuni ikichimba na kukuta vitu vya kale vya urithi wa taifa, haina ruhusa ya kuvihamisha, na lazima iandikie bila kukawia wakubwa wa mambo ya utamaduni. Sheria nzuri. Lakini barua ile ikifika, inahitaji ofisi iliyo na mtaalamu, na mtaalamu anahitaji mafuta ya kufika ku mgodi. Ukikata pesa ya muze, umekata pia jicho la sheria ndani ya migodi. Tingatinga halingoji.

Mkaaji anaweza kufanya nini

Kuna milango mitano, na yote imeandikwa ndani ya sheria.

Mlango wa kwanza ni pétition. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia mukubwa wa serkali, na mukubwa analazimika kujibu katika miezi mitatu. Walimu wa historia, wanafunzi wa UNILU, wasanii, vyama vya wazee: sahihi zenu zina uzito.

Mlango wa pili ni mbunge wako. Kifungu cha 138 kinawapa wabunge wa taifa na maseneta silaha ya maswali ya maandishi, maswali ya mdomo, interpellation na tume ya uchunguzi. Bajeti ya taifa inawekwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Mwambie mbunge wako asiulize tu "muze imepangiwa ngapi?" Aulize "mwaka uliopita ilipokea ngapi?" Kati ya majibu mawili hayo njo kimya kinajificha.

Mlango wa tatu ni Cour des comptes. Kila mwaka hesabu za matumizi zinapitia kwake na kwenda Bungeni pamoja na maoni yake. Maoni yale ni ya watu wote, si ya wataalamu peke yao.

Mlango wa nne ni jirani wa muze mwenyewe, Bunge ya jimbo. Kwa kuwa kifungu cha 203 kinaipa sehemu yake ya utamaduni, inaweza kuweka ndani ya bajeti ya jimbo mstari mdogo wa kusaidia, na kumwita waziri wa jimbo aje kueleza.

Mlango wa tano, wa mwisho, ni mahakama: barua ya madai kwanza, kungoja, kiisha jaji. Ni njia ndefu, inakula pesa, na hatutamwambia mtu kwamba ushindi ni wa hakika. Lakini Gloucestershire pia walianza na wakaaji waliokasirika, wakawa na barua, wakawa na kesi.

Tunamalizia pale tulipoanzia, ku jengo la 30 Juin. Wabunge wakitoka kikao cha bajeti, magari yao yanapita karibu na muze. Hatuwaombi wawe wataalamu wa masanamu. Tunawaomba wasimame dakika moja, waingie, walipe kiingilio sawa mtu yeyote, na waulize walinzi swali moja: mara ya mwisho pesa ya fonctionnement ilifika lini? Na wewe msomaji, ukipita pale na mtoto wako, uliza pia. Kimya kinaishi kwa sababu hakuna mwenye kuuliza.